Kutoka Sare Hadi Siasa: Njia ya Viongozi wa Garissa

Katika makala haya nanuia kufafanua jambo ambalo huzua ubishi mkali kila chama chetu cha Kiswahili kinapoandaa mjadala kuhusu uongozi. Je, mtu aliyevaa sare ya serikali kwa miaka mingi anaweza kuwa kiongozi mwema wa kisiasa wa watu wake? Upande wa kuunga mkono husema ndiyo, kwa sababu amejifunza nidhamu na anajua serikali inavyofanya kazi. Upande wa kupinga huruka na kusema, "Wapi! Askari ni askari tu, amezoea kuamrisha." Mimi naona kila upande umeshika kipande cha ukweli. Ili kuupata ukweli mzima hatuna haja ya kwenda mbali. Tutazame hapa hapa Garissa.

Kwanza tuelewane kuhusu maneno. Ninaposema sare sizungumzii kombati za jeshi peke yake. Nazungumzia pia kaki za watawala wa mikoa na wilaya, wale PC na DC wa zamani. Kwa mwananchi wa kawaida wa Kaskazini Mashariki wote hao walikuwa kitu kimoja, nacho ni serikali. Na ninaposema mwanasiasa nina maana ya mtu aliyesimama mbele ya wananchi akaomba kura, akapewa au akanyimwa. Tofauti ya watu hawa wawili si ndogo. Afisa huteuliwa na mkubwa wake, na mkubwa huyo ndiye anayeweza kumfuta. Mbunge huchaguliwa na wananchi, na hao ndio wanaoweza kumfuta. Kwa hivyo anayetoka upande mmoja kwenda mwingine hubadilisha tajiri, na tajiri mpya ana maswali mengine kabisa.

Majirani zetu walikuwa na njia yao ya kutoka kambini hadi ikulu. Siad Barre alitwaa Somalia mwaka 1969, Idi Amin akatwaa Uganda mwaka 1971, na maafisa wa jeshi wakamwondoa Mfalme Haile Selassie wa Ethiopia mwaka 1974. Hao hawakumwomba mtu kura. Kenya imepita njia nyingine, na kule Kaskazini Mashariki njia hiyo ina historia yake maalum.

SERIKALI ILIPOKUJA NA BUNDUKI

Wakati wa ukoloni eneo hili lilikuwa sehemu ya Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, maarufu kama NFD. Lilikuwa eneo lililofungwa. Mtu hakuweza kuingia wala kutoka bila kibali, na shule zilikuwa za kuhesabu kwa vidole. Mwaka 1962 tume ilizunguka kuwauliza wakazi maoni yao kuhusu siku za usoni, na Wasomali wengi wakasema wanataka kuungana na Somalia. Ombi hilo halikukubaliwa. Wakasusia uchaguzi wa Mei 1963. Tarehe 28 Desemba 1963, siku 16 tu baada ya uhuru, serikali ya Mzee Jomo Kenyatta ikatangaza hali ya hatari katika eneo hilo.

Vita vya Shifta vikaendelea hadi mwaka 1967, Kenya na Somalia zilipoelewana mjini Arusha. Ajabu ni kwamba vita viliisha lakini sheria za hatari hazikuondoka. Zilibaki hadi Novemba 1991. Hebu piga hesabu mwenyewe: ni karibu miaka 28. Mtoto aliyezaliwa wakati wa uhuru aliweza kusoma, kuoa na kupata watoto wake mwenyewe bila kuonja sheria zile zile walizokuwa nazo Wakenya wa Nyeri au Kisumu.

Katika miaka hiyo yalitokea mambo ambayo wazee wetu huyasimulia kwa sauti ya chini. Novemba 1980, baada ya maafisa wa serikali kuuawa mjini Garissa, askari waliteketeza mtaa wa Bulla Kartasi na kuwakusanya wakazi katika uwanja wa shule ya msingi. Februari 1984 wanaume walikusanywa katika uwanja wa ndege wa Wagalla, Wajir. Serikali ilikiri vifo 57. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, iliyotoa ripoti yake mwaka 2013, ilisema waliokufa walikuwa wengi zaidi ya hapo.

Sasa utaelewa kwa nini mzee wa hapa anayevuka daraja la Mto Tana kuelekea Nairobi husema anakwenda "Kenya". Mgeni akisikia hucheka. Kumbe si mzaha. Ng'ambo ile ndiko kulikokuwa na sheria za kawaida, na hapo darajani ndipo mtu alipoulizwa kitambulisho.

Swali ni hili: ikiwa serikali ilikuja kwa sura hiyo, mbona wananchi hao hao wakawaheshimu na hata kuwachagua watu waliovaa sare yake? Jibu ni rahisi. Eneo zima lilikuwa halina viwanda, shule zilikuwa chache, na chama cha siasa kilikuwa kimoja tu, KANU. Mtu wa mifugo alikuwa na mali lakini hakuwa na sauti Nairobi. Aliyejua ofisi gani inatoa nini, na faili limelala kwenye meza ya nani, alikuwa yule aliyeajiriwa na serikali. Wazee wa koo walipokaa chini ya mti kutafuta mtu wa kuwasemea walimtazama huyo. Hawakumtafuta kwa kuwa wanaipenda serikali. Walimtafuta kwa kuwa anaijua.

JENERALI NA NDUGU YAKE

Mfano wa kwanza ni wa ndugu wawili wa Garissa, mmoja mwanajeshi na mwingine mwanasiasa.

Jumapili tarehe 1 Agosti 1982 askari wa jeshi la wanahewa walijaribu kuipindua serikali ya Rais Daniel arap Moi. Waliteka kituo cha Sauti ya Kenya jijini Nairobi, na mtangazaji Leonard Mambo Mbotela akalazimishwa kutangaza kwamba serikali imeanguka. Aliyeongoza kikosi kilichokikomboa kituo hicho alikuwa Meja Jenerali Mahmoud Mohamed, naibu wa kamanda wa jeshi la nchi kavu. Redio iliporudi mikononi mwa serikali, mapinduzi yalikuwa yamekwisha. Jeshi la wanahewa likavunjwa na kuundwa upya, naye Mahmoud akakabidhiwa uongozi wake. Mwaka 1986 alipandishwa cheo akawa Mkuu wa Majeshi ya Kenya, kazi aliyoifanya hadi mwaka 1996.

Ndugu yake, Hussein Maalim Mohamed, alikuwa mbunge kutoka Garissa. Mwaka 1983 Rais Moi alimteua kuwa Waziri wa Nchi katika Ofisi ya Rais. Alikuwa Msomali wa kwanza kuingia katika Baraza la Mawaziri la Kenya. Kwa jamii iliyokuwa ikiitwa shifta miaka 20 nyuma, hilo lilikuwa jambo kubwa. Watu walisema, "Sasa na sisi tumo."

Lakini tazama tarehe, msomaji wangu. Wagalla ilitokea mwaka 1984, waziri wetu akiwa tayari barazani. Halafu ikaja Novemba 1989. Serikali iliamuru Wasomali wote wa Kenya wenye umri wa miaka 18 na zaidi wajitokeze kukaguliwa, wathibitishe kwamba ni raia. Aliyekubaliwa alipewa kadi ya rangi ya waridi aitembeze pamoja na kitambulisho chake. Aliyekataliwa aliweza kufukuzwa nchini. Hakuna kabila jingine lililoamriwa kufanya hivyo. Na wakati huo Mkuu wa Majeshi yote ya Kenya alikuwa nani? Jenerali Mahmoud, Msomali wa Garissa.

Sisemi hivi ili kuwashutumu ndugu hao. Nataka tuone jambo moja waziwazi. Mtu mmoja anaweza kupanda hadi juu kabisa, akaiokoa serikali iliyokuwa ikianguka, na bado watu wa kwao wakapangwa mstari kuulizwa kama ni Wakenya. Cheo cha mtu mmoja hakigeuki kuwa haki ya watu wote. Chanda chema huvikwa pete, ni kweli, lakini pete hiyo haiwatoshi vidole vyote.

MTAWALA ALIYEOMBA KURA

Mfano wa pili ni Mohamed Yusuf Haji, na safari yake ndiyo iliyo karibu zaidi na swali letu. Alizaliwa mwaka 1940. Alikulia katika utawala wa mikoa, akapanda ngazi hadi akawa Mkuu wa Mkoa, na miaka ya 1990 akatumwa Bonde la Ufa, mkoa mkubwa kuliko yote. Kazi hiyo haikuwa lelemama. Kipindi hicho ndicho Bonde la Ufa lilipokumbwa na fujo za kikabila, na tume ya Jaji Akiwumi iliyochunguza fujo hizo ilikosoa jinsi watawala wa huko walivyoshughulikia mambo. Kwa hivyo alipotoka katika utawala mwaka 1997 alitoka na ujuzi mwingi, na pia maswali mengi yakamfuata. Ndivyo sare ilivyo. Ukiivua, madeni yake hubaki nawe.

Mwaka 1998 aliingia Bunge kama mbunge wa kuteuliwa. Hapo bado alikuwa mtu wa kuteuliwa, kama zamani. Mabadiliko ya kweli yalikuja mwaka 2002 alipokwenda Ijara, kusini mwa Garissa, akasimama mbele ya wafugaji wa Masalani na vijiji vyake akaomba kura. Akashinda. Mwaka 2007 akashinda tena. Fikiria jambo hilo. Mtu aliyezoea machifu na madiwani wasimame anapoingia barazani, sasa yeye ndiye anayesimama, mwenye kiti ni mzee mwenye bakora anayemwuliza: maji yako wapi, barabara iko wapi, na huyu kijana wangu atasoma wapi?

WAZIRI WA ULINZI NA MJI WAKE

Aprili 2008, serikali ya mseto ilipoundwa baada ya ghasia za uchaguzi, Haji aliteuliwa kuwa Waziri wa Ulinzi. Mwaka 2011 watu walitekwa nyara huko Lamu, na tarehe 13 Oktoba wafanyakazi wawili wa misaada, raia wa Uhispania, wakatekwa katika kambi ya wakimbizi ya Dadaab, ndani ya Garissa. Siku mbili baadaye Haji na Waziri wa Usalama wa Ndani, Profesa George Saitoti, walitangaza kwamba Kenya itawafuata Al-Shabaab hadi ndani ya Somalia. Wanajeshi wetu wakavuka mpaka, na mwishoni mwa Septemba 2012 mji wa Kismayu ukaangukia mikononi mwa majeshi ya Kenya na wenzao wa Somalia. Saitoti alipofariki katika ajali ya helikopta Juni 2012, Haji alishikilia kwa muda hata wizara ile ya usalama.

Hapo ndipo mwenye sare na mwenye kura walipogongana ndani ya mtu mmoja. Vita vilirudi nyumbani. Tarehe 1 Julai 2012 makanisa mawili mjini Garissa yalishambuliwa wakati wa ibada na watu 17 wakafa. Novemba 2012 wanajeshi watatu waliuawa kwa risasi mjini humo. Yaliyofuata wenyeji wanayakumbuka: watu walipigwa, na soko la Suuq Mugdi likateketea. Wakazi na viongozi wao waliwalaumu wanajeshi. Mama aliyekuwa akiuza nguo sokoni humo alipoteza mtaji wake wote, na Waziri wa Ulinzi wa jeshi lililolaumiwa alikuwa mwana wa Garissa.

Hapa upande wa kupinga katika mdahalo wetu hupiga makofi. Unaona? Mwenye sare hawezi kuwatetea watu wake! Nami nasema tusiwe na pupa. Waziri huyo alikuwa na mabwana wawili, dola iliyomkabidhi jeshi na wananchi waliomkabidhi kura. Mwenye mabwana wawili hawezi kuwaridhisha wote siku moja. Jambo la kuuliza ni kama wananchi walikuwa na njia ya kumhukumu. Safari hii walikuwa nayo. Mwaka 1980, baada ya Bulla Kartasi, hapakuwa na pa kupeleka malalamiko. Mwaka 2012 wabunge walipaza sauti Bungeni, mashirika ya haki za binadamu yakaandika, na miezi minne baadaye kulikuwa na uchaguzi.

Katika uchaguzi huo wa tarehe 4 Machi 2013, Haji alichaguliwa kuwa seneta wa kwanza wa Kaunti ya Garissa. Mwaka 2017 akachaguliwa tena. Mwaka 2018 alipewa uenyekiti wa jopo la maridhiano, maarufu kama BBI, lililoundwa baada ya Rais Uhuru Kenyatta na Raila Odinga kupeana mkono. Mtu aliyetoka katika eneo lililokuwa likiishi nje ya sheria za kawaida sasa akazunguka nchi nzima akiwasikiliza Wakenya wakisema wanataka nchi ya namna gani. Alifariki tarehe 15 Februari 2021 na kuzikwa siku hiyo hiyo katika makaburi ya Waislamu ya Lang'ata, Nairobi. Mwaka huo huo mwanawe, Abdul Haji, alichukua kiti cha seneti bila kupingwa.

MAMBO YALIPOGEUKA

Nini kilichobadilisha maisha ya Kaskazini Mashariki: vyeo au sheria? Nikitazama historia hii naona sheria ndizo zilizofanya kazi kubwa. Mwaka 1991 sheria za hatari ziliondolewa. Katiba iliyozinduliwa tarehe 27 Agosti 2010 ilileta kaunti, ikaanzisha pia Hazina ya Usawazishaji kwa maeneo yaliyoachwa nyuma. Tangu 2013 Garissa, Wajir na Mandera huchagua magavana wao wenyewe na kupanga bajeti zao wenyewe.

Na tazama waliojitokeza. Gavana wa kwanza wa Garissa, Nathif Jama, alitoka katika kazi ya benki. Ali Roba wa Mandera alikuwa rubani wa ndege. Mohamed Abdi Mohamud, aliyechaguliwa Wajir mwaka 2017, alikuwa balozi. Ngazi zimekuwa nyingi. Sare si ngazi ya pekee tena. Hata Aden Duale, aliyeingia Bungeni mwaka 2007 kama mbunge wa Dujis, alipita njia kinyume na ile ya zamani. Yeye alianza na kura, kisha mwaka 2022 akapewa Wizara ya Ulinzi, aliyoishikilia hadi 2024.

Lakini tusijidanganye. Cheo hakikuzuia mauaji ya tarehe 2 Aprili 2015 katika Chuo Kikuu cha Garissa, ambapo watu 148 waliuawa, wengi wao wanafunzi waliokuwa na umri unaokaribia wetu. Kuwa na gavana, seneta na mawaziri hakumaanishi kwamba kazi imekwisha.

TUNAJIFUNZA NINI?

Kwanza, tusimchague mtu kwa sababu ya sare yake wala tusimkatae kwa sababu hiyo. Nidhamu ya kazi ni kitu chema. Anayejua jinsi barua inavyotembea serikalini atawafaa watu wake kuliko mpiga domo asiyejua mlango wa ofisi. Lakini tumwulize alifanya nini alipokuwa na mamlaka, na nani aliumia chini yake.

Pili, tutofautishe heshima na haki. Mwenzetu akipanda cheo tunapata heshima, na heshima ni tamu. Haki hupatikana sheria inapobadilika, na sheria haibadiliki mpaka watu wengi waidai.

Tatu, wenzangu tunaokaribia mtihani wa mwisho tusidhani kwamba siasa ndiyo kazi ya kwanza. Jeshini kuna kikosi cha wahandisi. Wakati wa vita kazi yao ni kuweka madaraja na kusafisha njia wenzao wapite, na wakati wa amani huchimba visima na kujenga barabara. Nchi yetu hii kame inawahitaji wahandisi kama hao, wa jeshi na wa kiraia, pamoja na madaktari wa mifugo, walimu na mawakili. Ukiwa umechimba kisima kikatoa maji, siku utakapoomba kura hutakuwa na haja ya kupiga kelele nyingi.

Mwisho, kwa walimu wetu wa Kiswahili na wa Historia, tunaomba habari hizi za Bulla Kartasi, Wagalla na ukaguzi wa 1989 zizungumzwe darasani bila woga, pamoja na habari za Jenerali aliyeikomboa redio. Zote ni historia ya Kenya. Tukijifunza nusu moja tu, tutakuwa kama mtu anayevuka daraja la Tana akiwa amefumba jicho moja.

Mdahalo uendelee.